Weupe kwenye karatasi, Wameksiko mlangoni

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulitoka Kivu, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, na sasa tuko Houston, Texas. Binti yangu yuko darasa la nane, na shuleni amepewa kazi ya kuandika historia ya Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walivyodai haki zao. Yeye anataka kuandika kwamba César Chávez, yule kiongozi wa vibarua wa mashamba, ndiye aliyeanzisha. Rafiki yake, msichana wa Kimeksiko, anasema bibi yake alikuwa akichapwa shuleni kwa kusema Kihispania. Lakini jirani yetu, mzee anayeheshimika sana kanisani, ameniambia hayo yamekuzwa: Walatino walihesabiwa weupe kisheria, waliobaguliwa ni Weusi, na Walatino walikuja baadaye kufaidi jasho la Weusi. Nimechanganyikiwa. Mtu aliye mweupe kwenye karatasi anabaguliwaje? Na mimi niliyekuja juzi juzi tu, mambo haya yananihusu, au nimwachie binti amalizane nayo?"

Marahaba, mama, na hongera kwa kukaa na kazi ya shule ya mtoto mpaka ukafika hatua ya kuandika barua. Swali lako la katikati, la mtu mweupe kwenye karatasi, ndilo kiini cha historia yote hii. Mawakili wa jimbo hilo hilo unaloishi walilitoa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954 wakiamini halina jibu. Lilijibiwa. Nitaanza hapo, nipitie kwa bibi wa yule rafiki na kwa Chávez, halafu nije kwako, kwa sababu mambo haya yanakuhusu, tena kila unapofika ofisi ya shule ya watoto wako.

Jirani yako anashika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya kweli kabisa. Mwaka 1848 Meksiko ilishindwa vita na Marekani, ikatia sahihi mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kupoteza karibu nusu ya nchi yake. California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico zote zilikwenda. Texas ilikuwa imekwisha kujitenga. Watu waliokuwa wakiishi humo walilala wakiwa Meksiko wakaamka wakiwa Marekani, bila kufunga hata mzigo mmoja. Mkataba uliahidi kwamba wakibaki watakuwa raia. Wakati huo sheria ya Marekani, tangu 1790, ilitaka mgeni anayeomba uraia awe mtu mweupe. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja ila kwa njia moja: Mmeksiko ahesabiwe mweupe. Mwaka 1897 mtu mmoja wa San Antonio, Ricardo Rodríguez, aliomba uraia, na wapinzani wake wakasema mtu yeyote mwenye macho anaona si mweupe. Jaji akampa uraia kwa nguvu ya mkataba, sura yake iwe yoyote.

Kwa hiyo weupe wao ulitoka kwenye makaratasi ya kumaliza vita. Mtaani haukuwapo. Hata serikali yenyewe iliyumba: katika sensa ya 1930 iliwaandika "Wameksiko" kama rangi ya peke yake, na baada ya malalamiko makubwa ikawarudisha kwenye weupe sensa iliyofuata, ya 1940. Waliolalamika walikuwa pamoja na LULAC, chama kilichoundwa Corpus Christi mwezi Februari 1929 na Wamarekani wenye asili ya Meksiko: wanasheria, wenye maduka, askari wastaafu wa vita vya kwanza. Tarehe hiyo binti aiandike kwa kalamu nzito, maana Chávez alikuwa mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili.

Mkakati wa LULAC ulikuwa kusema: sisi ni weupe na sheria inasema hivyo, basi mtutendee kama weupe. Ninauelewa. Katika Texas ya wakati ule, ambako sheria iliandika waziwazi kwamba Mweusi akae kando, kukubali kuwekwa upande wa Weusi ilikuwa kukubali kukandamizwa kwa maandishi. Lakini sitausifu. Ulijenga ukuta kati ya watu wawili waliokuwa wakikanyagwa na kiatu kimoja, na baadaye, kama utakavyoona, ukuta huo uliwaangukia wenyewe.

Sasa twende Edna, mji mdogo wa wilaya ya Jackson, kusini-magharibi mwa Houston, safari isiyofika saa mbili kwa gari. Mwaka 1951 kibarua wa pamba, Pete Hernández, alihukumiwa huko kwa kumuua mtu. Mawakili wake, Gus García, Carlos Cadena na wenzao, waliacha habari ya mauaji wakaishika juri, yaani lile baraza la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Asilimia 14 ya wakazi wa wilaya ile walikuwa na majina ya Kimeksiko au ya Kilatini. Kwa miaka 25 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameketi kwenye juri. Hata mmoja!

Texas ikajibu kama jirani yako. Katiba inalinda Weusi wasibaguliwe na weupe. Wameksiko ni weupe. Juri ilikuwa ya weupe. Kwa hiyo Hernández amehukumiwa na watu wa rangi yake, analalamikia nini?

Jibu lilikuwa ndani ya jengo lile lile la mahakama. Uani kulikuwa na vyoo viwili vya wanaume. Kimoja hakikuandikwa chochote. Kingine kilikuwa na maandishi mawili: "Wanaume wa rangi", kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kihispania, *Hombres Aquí*, maana yake "wanaume, hapa". Wakili wa Kimeksiko aliyetoka kusikiliza hoja kwamba yeye ni mweupe, akibanwa na haja, alielekezwa na kibao aende wapi. Mahakama ya Juu ilikiandika choo hicho ndani ya hukumu yake, pamoja na mgahawa wa mjini uliotundika tangazo kwamba Wameksiko hawahudumiwi, na shule iliyowatenga watoto wao kwa miaka minne ya kwanza. Tarehe 3 Mei 1954 majaji wote, bila hata mmoja kupinga, walisema kwamba ulinzi wa katiba hauishii kwenye rangi mbili. Kundi lolote ambalo jamii ya mahali fulani imelitenga kwa desturi na matendo lina haki ya kulindwa. Hernández mwenyewe alishtakiwa upya na akakutwa tena na hatia. Kilichobadilika ni nani anaweza kukaa kwenye kile kiti cha kuhukumu.

Hapo ndipo penye jibu lako, mama. Mweusi wa Texas alitengwa na sheria iliyoandikwa, na sheria iliyoandikwa unaweza kuibeba mpaka mahakamani ukasema: hii hapa, ifuteni. Mmeksiko wa Texas alitengwa na desturi: uamuzi wa bodi ya shule, orodha ya karani wa mahakama, kibao cha mwenye mgahawa, mkataba wa kuuziana nyumba. Akienda kulalamika anaambiwa, sheria gani imekubagua? Wewe ni mweupe. Karatasi ile iliyoonekana kama ngao ikawa ndiyo kufuli la mlango.

California ilikuwa hivyo hivyo, na huko kuna kisa ambacho mtoto wa darasa la nane atakielewa upesi. Gonzalo na Felicitas Méndez, yeye wa Meksiko na mkewe wa Puerto Rico, walikodi shamba huko Westminster. Shamba lilikuwa la familia ya Kijapani, Munemitsu, iliyokuwa imefungiwa kambini Arizona pamoja na Wajapani wengine wakati wa vita vya pili vya dunia. Wakati wa kuandikisha watoto shule, shangazi yao, Soledad Vidaurri, aliwachukua wa kwake na wa kaka yake akawapeleka pamoja. Wa kwake walikuwa weupe kidogo wa ngozi na jina lao lilisikika la Kifaransa, wakapokewa. Wale watatu wa Méndez, Sylvia na kaka zake, wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Ndugu wa damu, wamesimama mbele ya meza moja! Shangazi akawarudisha wote nyumbani.

Tarehe 2 Machi 1945 familia tano zikafungua kesi kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Viongozi wa shule walidai watoto hawa hawajui Kiingereza, na mmoja wao alieleza mahakama habari za uchafu na chawa. Watoto wakaitwa kizimbani wakajibu maswali kwa Kiingereza safi. Jaji akawapa ushindi mwaka 1946, na mahakama ya rufaa ikaukubali mwaka 1947.

Hapa binti asikosee, kwa sababu vitabu vingi vya watoto vinakosea. Mahakama ya rufaa haikusema ubaguzi wa rangi shuleni ni haramu. Ilisema sheria ya California iliruhusu kutenga Wahindi Wekundu, Wachina na Wajapani, lakini Wameksiko hawakutajwa humo, kwa hiyo bodi za shule hazikuwa na kibali. Ushindi ulipita kwenye ufa huo mwembamba. Miezi michache baadaye gavana wa California alitia sahihi kufuta sheria yenyewe. Jina lake Earl Warren, na ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani ilipotolewa hukumu ya Edna, na wiki mbili baada yake ile ya Brown iliyovunja shule za ubaguzi nchi nzima. Na chama cha Weusi, NAACP, kilipeleka mahakamani hoja za kuwaunga mkono akina Méndez. Miongoni mwa walioziandika alikuwamo Thurgood Marshall, wakili aliyekuja kuiongoza kesi ya Brown.

Ndiyo maana neno la jirani, kwamba Walatino walifaidi jasho la Weusi, silikatai, ila ninaongeza jasho la upande wa pili. Hoja zilizojaribiwa kwa watoto wa Kimeksiko Westminster zilirudi zikiwa zimenolewa kwa watoto Weusi. Na mwaka 1975 Bunge lilipoongeza sheria ya haki ya kupiga kura ili iwafikie wasemaji wa Kihispania wa Texas, mbunge aliyeibeba kazi hiyo alikuwa Barbara Jordan, mwanamke Mweusi wa mji wenu, Houston. Mzee wako wa kanisani bila shaka anamkumbuka.

Nilisema ukuta wa LULAC uliwaangukia wenyewe. Ulianguka Houston. Mwaka 1970 mahakama iliiamuru wilaya ya shule ivunje utengano wa weupe na Weusi. Wilaya ikatii kwa ujanja ambao bado unanikera kila ninapoufundisha: iliunganisha shule za Weusi na shule za Wameksiko. Kwenye karatasi, Weusi wamechanganyika na "weupe", na amri ya mahakama imetimizwa. Shule za Wazungu karibu zote hazikuguswa. Maskini wawili wakachanganywa, tajiri akabaki kwake.

Wazazi wa Kimeksiko wakawatoa watoto shuleni. Wakafungua shule zao kwenye makanisa na kumbi za mtaa, wakaziita *huelga*, yaani za mgomo, na kaulimbiu yao ikawa "kahawia, si weupe". Huo ulikuwa mgeuko wa kizazi kizima. Waliokuwa wamepigania miaka 40 kuhesabiwa weupe, watoto wao sasa waliukataa weupe huo hadharani. Mwaka huo huo, huko Corpus Christi, jaji aliwaunga mkono watu wa aina yao katika kesi iliyofunguliwa na wazazi wa Kimeksiko na wazazi Weusi pamoja, wanachama wa chama kimoja cha wafanyakazi wa chuma. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Denver, ikakubali kwamba Walatino nao wahesabiwe kundi lililotengwa shuleni.

Sasa bibi wa yule rafiki. Aaminiwe. Tangu 1918 Texas ilikuwa na sheria iliyomfanya mwalimu kuwa mkosaji akifundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, na ilidumu nusu karne. Mtoto kuchapwa au kufungiwa darasani kwa kusema Kihispania kilikuwa kitu cha kila siku. Huko Marfa, magharibi mwa Texas, kulikuwa na shule ya watoto wa Kimeksiko iliyoitwa Blackwell. Mwaka 1954, mwaka ule ule wa hukumu ya Edna, wanafunzi waligawiwa vikaratasi, kila mmoja akaandika kwamba hatasema Kihispania tena. Vikaratasi vikatiwa ndani ya kisanduku, kisanduku kikazikwa karibu na mlingoti wa bendera, na tukio lenyewe likafanywa kama mazishi ya mtu. Waliokuwa watoto siku ile wamezeeka wakiisimulia, na leo shule hiyo ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Wasomaji wangu waliosoma Kenya, wakavishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama, wanajua mtoto anabeba nini kurudi nacho nyumbani.

Ndiyo maana vijana wa 1968 walipotoka madarasani kwa maelfu mashariki mwa Los Angeles, wakiongozwa na mwalimu wao Sal Castro, miongoni mwa madai yao ilikuwa mwisho wa adhabu hizo, na kufundishwa historia yao. Walikuwa wakijiita Wachikano. Serikali ilimshtaki Castro na wenzake 12 kwa kula njama; mashtaka hayakusimama.

Chávez je? Binti asimwondoe, ampe nafasi yake tu. Na ili aielewe nafasi hiyo inabidi aelewe kibarua wa shamba aliishi vipi. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wanaounda vyama, na vibarua wa mashamba wakaachwa nje kwa makusudi. Kuanzia 1942 hadi 1964 serikali ikawa inaleta wanaume kutoka Meksiko kwa mikataba ya muda, waliitwa *braceros*. Wazee wetu wa mashamba ya mkonge wangewaita manamba, na wasingekosea. Maadamu manamba wapo, mwenyeji akigoma ana mtu wa kuchukua nafasi yake kesho asubuhi.

Na jembe lao lilikuwa na mpini mfupi kuliko mkono wa mtu mzima. Waliliita *el cortito*, kafupi. Kupunguza miche ya saladi kwa jembe hilo ni kuinama kuanzia alfajiri hadi jioni, mgongo umekunjwa kama ndoano, safu baada ya safu. Wenye mashamba walisema mpini mrefu ungeharibu miche. Vibarua walijua sababu nyingine: mnyapara akitazama shamba kutoka mbali, aliyesimama wima ndiye anayepumzika. Watu walizeeka uti wa mgongo wakiwa na miaka 30. California ilipiga marufuku jembe hilo mwaka 1975, baada ya vibarua na mawakili wa msaada wa kisheria kuipeleka kesi hadi mahakama ya juu ya jimbo. Kwangu mimi ushindi huo hausimuliwi vya kutosha.

Mgomo mkubwa wa zabibu wa Delano ulianzishwa tarehe 8 Septemba 1965 na vibarua wa Kifilipino wakiongozwa na Larry Itliong. Chama cha Chávez na Dolores Huerta, chenye Wameksiko wengi, kilipiga kura ya kujiunga nao siku nane baadaye. Kilichofuata ndicho kilichoufanya ujulikane dunia nzima: maandamano ya miguu hadi Sacramento mwaka 1966, Chávez kufunga kula siku 25 mwaka 1968, na akina mama wa miji ya mbali kuacha kununua zabibu, hadi wenye mashamba walipotia sahihi mikataba Julai 1970. Alikuwa na kipaji kikubwa cha kuwafanya watu wa mbali waone shamba. Lakini chama chake kiliwahi pia kuwaripoti kwa maofisa wa uhamiaji vibarua wasio na karatasi, kwa kuwa walitumiwa kuvunja migomo. Binti akiliandika hilo mwalimu wake asishangae, ni la kweli, na watu wenyewe wa harakati waligombana juu yake.

Jambo moja la haraka kuhusu neno lenyewe "Walatino". Wapuertoriko ni raia wa Marekani tangu 1917, hawahitaji viza wala pasipoti, na vita vyao New York vilikuwa vingine: nyumba mbovu, hospitali, takataka zisizozolewa, na mtihani wa kusoma Kiingereza uliowazuia kupiga kura hadi sheria ya 1965 ilipowakinga waliosoma Puerto Rico kwa Kihispania. Wakuba wa Miami wana historia yao. Kama kazi ya binti ni kurasa chache, abaki Texas na California, na aseme hivyo mwanzoni.

Sasa wewe, mama.

Mwaka 1975 Texas ilipitisha sheria ya kunyima shule fedha za watoto wasio na karatasi za uhamiaji, na wilaya ziliruhusiwa kuwakataa. Mji wa Tyler, kaskazini ya Houston, ukaamua kuwatoza karo ya dola 1,000 kwa mwaka kila mtoto, kitu ambacho kibarua hakuweza kukilipa. Mwaka 1977 familia nne zikakubali kushtaki. Siku ya kwanza ya mahakama zilifika alfajiri, gizani, ili zisionekane, na magari yao yalikuwa yamepakiwa vitu vyote vya nyumbani, kwa kuwa wazazi walitazamia kukamatwa na kurudishwa Meksiko siku hiyo hiyo. Wakili wao alitoka MALDEF, shirika la kisheria lililoundwa San Antonio mwaka 1968. Majina yao yakafichwa. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya karatasi za wazazi wake.

Nyinyi mliletwa kama wakimbizi, karatasi zenu ziko sawa. Lakini unawajua majirani ambao za kwao zinasuasua, na watoto wao wanakaa darasa moja na wako. Wanakaa kwa sababu ya zile familia nne. Kura moja tu ilitosha kuwatoa, na wapo wanasiasa leo wanaotaka hukumu hiyo irudiwe.

Kesi ya pili hujawahi kuisikia, na imo ndani ya nyumba yako. Baba mmoja wa Raymondville, kusini mwa Texas, Roy Castañeda, aliishtaki shule ya watoto wake, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas ikaweka kipimo cha mambo matatu kwa kila shule yenye watoto wasiojua Kiingereza. Mpango wa kuwafundisha lugha uwe umejengwa juu ya elimu inayokubalika na wataalamu. Uwe na walimu na vifaa vya kuufanya kweli. Na matokeo yapimwe, usipofaa ubadilishwe. Kipimo hicho hakikutaja Kihispania peke yake. Mtoto wa Kiswahili anapimiwa kwa kipimo hicho hicho.

Haki hizi hazitoshi kila mahali, nikuambie wazi. Sheria ya karatasi za kura kwa lugha nyingine inawafikia wasemaji wa Kihispania, wa lugha za Asia, na wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, Kiswahili hakimo. Ukishapata uraia na kusoma kukawa kugumu, unaweza kuingia na mtu unayemwamini akusaidie kupiga kura, ili mradi si mwajiri wako wala mjumbe wa chama chako cha wafanyakazi. Na shule nazo, hata sheria ikiwa wazi, nyingine hufanya kile tu mzazi anachokidai.

Kwa hiyo, ukiitwa kikao cha shule, omba mkalimani wa Kiswahili, na uombe kwa maandishi, utunze nakala. Usimtumie binti kuwa mkalimani wa kesi ya mdogo wake. Mtoto wako akiwa amekaa mwaka mzima darasa la lugha bila kusonga, uliza shule imempima lini na imebadilisha nini. Lakini shule ikikataa kumwandikisha mtoto, ikidai karatasi za uhamiaji (ushahidi wa mnapoishi na chanjo wanaweza kuuliza, hadhi ya uhamiaji hapana), au ikimfukuza, hapo acha kuandikiana na mtu kama mimi. Mimi ni mwalimu wa historia. Nenda uso kwa uso kwa ofisi ya msaada wa kisheria au kwa shirika lililowapokea mlipofika, siku hiyo hiyo kama unaweza, ukiwa na barua zote mkononi. Siku za kukata rufaa huwa chache. Na usitie sahihi chochote ambacho hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Kuhusu kazi ya binti, ninamshauri aache "harakati zote" achague mlango mmoja: choo cha Edna au shule za mgomo za Houston. Maktaba ya jiji ina hifadhi ya kumbukumbu za Wamarekani wa Kimeksiko wa Houston, picha na magazeti ya miaka hiyo, na watunzaji wake humsaidia hata mtoto. Na ana kitu ambacho wenzake darasani hawana, yule bibi. Aende kwake na daftari. Amwulize adhabu ilitolewa mbele ya nani, mwalimu alisema maneno gani, na alipozaa, watoto wake aliwalea kwa Kihispania au alikiacha mlangoni kwa hofu. Ukipata nafasi ya Jumapili mchana fuatana naye, mama. Wewe na bibi huyo mna mengi ya kuulizana juu ya lugha ya nyumbani na watoto wanaoanza kuisahau.